Panya mgeni anapopumua vibaya: tazama mbavu kwanza, sauti baadaye

Panya wa kufugwa, yule mweupe, mweusi au wa mabaka ambaye wataalamu humwita Rattus norvegicus, huangushwa na mapafu kuliko kiungo kingine chochote. Mkosaji mkuu ni bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis. Mama humwambukiza mtoto tumboni au siku za mwanzo za kunyonya, kwa pumzi na kwa kulambana, na karibu panya wote wanaouzwa au kutolewa bure wanaye tayari. Isipokuwa panya wa maabara waliozalishwa chini ya ulinzi maalumu, chukulia kwamba uliyemleta nyumbani anaye. Bakteria huyo anaweza kukaa kimya kwa miezi mingi, kisha akaamka mara tu kinga ya mwili inapolegea. Kinga hulegea sana wiki mbili za kwanza katika nyumba mpya, kwa sababu ya safari, kizimba kigeni, harufu ngeni, chakula kilichobadilika ghafla na hofu.

Wenye panya wageni hukosea pande zote mbili. Wengine hukimbilia dawa kwa chafya za vumbi. Wengine hutulia kwa kuwa panya "hana kelele", kumbe anavuta pumzi kwa nguvu za tumbo lote. Kipimo cha kwanza ni juhudi: mwili unafanya kazi kiasi gani ili hewa iingie? Sauti ni ushahidi wa pili.

Maelezo haya ni ya panya wa aina hiyo peke yake. Panya buku, wale ambao shirika la APOPO huwafundisha pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ni mnyama mwingine kabisa, na vipimo vya dawa vilivyoko hapa visihamishiwe kwake. Panya aliyenaswa darini au shambani naye asifugwe hata akionekana mpole. Anaweza kubeba bakteria wa leptospira, na kuna maeneo, Lushoto likiwa mojawapo, ambako panya wa porini wana historia ya tauni.

Mchunguze kabla hujamshika

Ukimshika kwanza utakuwa unapima hofu yake. Subiri alale au atulie pembeni, kisha mtazame kwa ubavuni penye mwanga wa kutosha kwa dakika mbili tatu. Panya mzima aliyelala mbavu zake hupanda na kushuka kidogo sana, kwa mwendo ulio sawa, kifua na tumbo vikienda pamoja. Anayehangaika utaona ngozi ya ubavu, pale mbavu zinapoishia, ikididimia ndani kila anapovuta hewa. Akizidiwa, mwili wote hutikisika mbele na nyuma, na kichwa hutikisika kidogo kwa kila pumzi.

Kisha hesabu. Panya mkubwa aliyetulia hupumua kati ya mara 70 na 115 kwa dakika, kasi ambayo jicho haliifuati vizuri. Mrekodi kwa simu kwa sekunde 15, icheze video polepole, hesabu, zidisha kwa 4. Angalia ndevu zake kwanza: zikicheza mbele na nyuma kwa kasi ujue ananusa, na panya anayenusa huvuta hewa mara kadhaa kwa sekunde moja. Hesabu ya wakati huo haina maana. Ngoja ndevu zitulie.

Uzito ni kipimo ambacho wengi hukiacha, nacho hutoa taarifa mapema kuliko macho. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Mweke kwenye bakuli, toa uzito wa bakuli, andika. Jike mzima huwa na gramu 250 hadi 300 hivi, dume 300 hadi 500. Mpime siku ya kwanza, halafu kila siku wakati ule ule kwa wiki mbili. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito, yaani gramu 30 kwa panya wa gramu 300, ni mgonjwa hata kama hapigi chafya.

Mwisho ndipo umshike, umweke ubavu wake sikioni mwako, kushoto na kulia. Mapafu mazima hayasikiki au hutoa mvumo mwembamba tu. Mluzi maana yake njia za hewa zimebana. Mkwaruzo kama karatasi inayokunjwa hutoka kwenye kamasi au maji ndani ya mapafu. Mlio mzito wa kukoroma unaotoka puani na kuishia shingoni kwa kawaida ni kamasi za juu.

Kuna mambo matatu yanayowatisha wafugaji wageni bila sababu. Kusaga meno kwa mkwaruzo mdogo, macho yakichezacheza kutoka nje, mara nyingi ni raha tu, ingawa panya mwenye maumivu naye husaga meno. Kwikwi, mwili ukiruka kila baada ya sekunde kadhaa, ni kawaida kwa panya wadogo na hukoma yenyewe. Na chafya moja mbili anapotoka kwenye kiota au baada ya kujisafisha ni vumbi na manyoya yake mwenyewe.

Dalili zisizosubiri kesho

Panya hupumua kwa pua. Sisi pua ikiziba tunafungua mdomo na kuendelea na shughuli; yeye hawezi hivyo kwa urahisi, kwa hiyo panya anayepumua mdomo wazi amefika ukingoni. Hesabu pia kama dharura: shingo iliyonyooshwa na pua kuelekezwa juu, nyayo, masikio au mkia kuwa na rangi ya kijivu au samawati kwa panya mwenye ngozi nyeupe, mwili wa baridi, kukataa hata kile anachokipenda kuliko vyote, kukaa amejikunja, manyoya yamesimama, mbavu zikididimia.

Mwache akae mkao aliouchagua mwenyewe. Usimlaze chali, usimfunge kwenye taulo, wala usimpe maji au dawa kwa nguvu, kwani anayehangaika na pumzi humeza vibaya na kimiminika huingia mapafuni. Mweke kwenye boksi dogo lenye matundu na kitambaa laini, liwe giza na kimya, pasiwe na joto kali wala upepo wa feni usoni. Piga simu kliniki ukiwa njiani na uulize jambo moja: mna oksijeni? Dakika za oksijeni kabla hata hajapimwa mara nyingi ndizo zinazomvusha, na daktari mzoefu hatamgusa mpaka atulie ndani yake.

Wafugaji wa Ulaya na Marekani wana mazoea ya kumpa panya aliyebanwa punje ndogo ya chokoleti nyeusi, kwa sababu theobromini iliyomo hupanua kidogo njia za hewa. Haina ubaya kwa anayeweza kutafuna na kumeza mwenyewe. Ni ya kumfikisha mlangoni kwa daktari, hakuna zaidi.

Anapiga chafya tu, mengine yote sawa

Anakula, anacheza, uzito haushuki, mbavu zimetulia, lakini anapiga chafya mara kadhaa kwa saa. Hili ndilo tatizo la kawaida zaidi la panya aliyehamia, na mara nyingi hupungua lenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Kabla ya kutafuta dawa, tafuta kinachomchokoza. Mpangilio wa kutafuta ni huu: mkojo, matandiko, moshi.

Mkojo kwanza. Bakteria kwenye matandiko huvunja urea na kutoa amonia, gesi inayounguza vijinywele vinavyofagia kamasi kutoka mapafuni. Vijinywele vikishakufa, Mycoplasma hubaki ndani bila wa kumfukuza. Majaribio yaliyochapishwa miaka ya 1970 yalionyesha kwamba amonia ya kiwango cha sehemu 25 kwa milioni, kiasi ambacho mtu mzima anaweza kukaa nacho chumbani bila kulalamika sana, inatosha kuuzidisha ugonjwa huu kwa panya. Usipime kwa kusimama mlangoni. Asubuhi, kabla hujafungua madirisha, ingiza kichwa na uweke pua yako sentimita mbili tatu kutoka sakafu ya kizimba, kwenye kona anayokojolea. Macho yakikuwasha hata kidogo, umeshampata mkosaji. Kona hiyo isafishwe kila siku, matandiko yote yabadilishwe mara moja au mbili kwa wiki, na rafu za plastiki zifutwe kila siku kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usimwagie Jik au dawa nyingine ya klorini juu ya mkojo: klorini ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu, na ikikutana na siki hutoa nyingine mbaya vile vile. Ukitaka kutumia klorini, osha mkojo kwa sabuni na maji kwanza, suuza, panya akiwa chumba kingine, kisha kausha juani.

Kizimba cha kioo, kile cha kufugia samaki, hukusanya amonia chini kwa sababu hewa haipiti. Cha nyaya ni bora. Kama huna kingine kwa sasa, kioo kibadilishwe matandiko kila siku mbili na kifuniko chote kiwe wavu.

Matandiko ndiyo yanayoharibu zaidi huku kwetu, kwa sababu maranda ya seremala ni ya bure na yanapatikana kila mtaa. Mengi ni ya paini au saiprasi, na mara moja moja ya mtarakwa. Harufu ile nzuri ya mbao mbichi ni kemikali zinazochoma njia za hewa na kulilazimisha ini kufanya kazi ya ziada. Vumbi la msumeno ni baya kuliko maranda yenyewe, na pumba za mpunga zina vumbi jingi mno. Tumia gazeti lililochanwa vipande vipana, karatasi za ofisini zilizokatwakatwa, boksi nene, au mashuka ya zamani ya pamba yanayofuliwa kwa sabuni isiyo na manukato. Kitambaa hakinyonyi amonia, kwa hiyo hufuliwa kila baada ya siku mbili tatu. Ili kujua kama matandiko uliyonayo yana vumbi, yarushe juu kiganjani mbele ya mwanga wa jua unaoingia dirishani. Ukiona wingu likielea, panya analivuta usiku kucha.

Halafu moshi. Udi na ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupulizia wadudu, sigara, jiko la mkaa, manukato ya mwilini, dawa ya harufu ya choo: panya asikae chumba kimoja na hata kimoja kati ya hivi. Nyumba za pwani zinazofukiza kila jioni hazina haja ya kuacha desturi, ila kizimba kikae chumba kingine, mlango ufungwe, na dirisha lifunguliwe saa moja kabla hajarudishwa. Mbu wazuiliwe kwa chandarua kinachofunika kizimba chote, mradi kisiwe kimetiwa dawa na panya asikifikie kukitafuna.

Ukishabadilisha haya, mpe siku tatu hadi tano. Chafya za vumbi na amonia hupungua waziwazi. Zisipopungua, au zikiongezeka usiku hadi usiku, nenda kwenye sehemu zinazofuata.

Pua na macho vina wekundu

Wekundu huo mara nyingi si damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi ya Harderi inayotoa ute wenye porfirini, rangi nyekundu ya kutu. Panya mwenye afya huufuta mwenyewe kwa mikono kabla hujauona. Akiwa na hofu, maumivu au ugonjwa hutoa mwingi kuliko anavyoweza kufuta, ukaganda puani na kuzunguka macho. Ukitaka uhakika, futa kwa tishu nyeupe yenye maji, kisha imulike gizani kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Porfirini hung'aa rangi ya waridi. Damu haing'ai.

Porfirini kidogo asubuhi ya kwanza na ya pili baada ya safari ni hofu. Porfirini ya kila siku pamoja na chafya, kunusanusa kwa mkoromo, au jicho lililofumbwa nusu ni maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo. Kama pamoja na hayo shingo imevimba chini ya taya na macho yamevimba, kuna uwezekano wa virusi vya SDAV, vya jamii ya korona, vinavyoshambulia tezi za mate na machozi. Virusi havina dawa na mwili wenyewe huvimaliza kwa wiki moja au mbili hivi, lakini huacha mlango wazi kwa Mycoplasma, na husambaa kwa kasi kwenye kizimba chote.

Kuna mluzi, mkwaruzo, au chafya zisizoisha wiki ya pili

Hapa panahitajika antibayotiki, na panahitajika daktari wa mifugo wa kuandika kipimo. Ni vyema uijue mantiki ili usiuziwe dawa isiyofaa. Mycoplasma hana ukuta wa seli. Amoksilini na ndugu zake wa penisilini huua kwa kuuvunja ukuta huo, kwa hiyo kwake hazina pa kushika. Panya anaweza kupata nafuu kidogo kwa amoksilini kwa sababu bakteria wengine waliodandia wamekufa, kisha anarudi pale pale wiki inayofuata. Zinazofanya kazi ni doksisaiklini, enrofloksasini na azithromaisini. Madaktari wengi huanza na doksisaiklini ya miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito mara mbili kwa siku, peke yake au pamoja na enrofloksasini ya miligramu 5 hadi 10 kwa kilo mara mbili kwa siku. Kwa panya ambaye bado anakua, enrofloksasini hutumiwa kwa tahadhari kwa sababu inaweza kudhuru gegedu za viungo.

Fanya hesabu ujionee hatari ya kukisia. Panya wa gramu 320 ni kilo 0.32, mara 5 ni miligramu 1.6 kwa dozi. Kapsuli moja ya binadamu ya doksisaiklini ina miligramu 100, zaidi ya dozi 60 za panya huyo. Kuifungua na "kumpa kidogo" kwa ncha ya kijiko ni kucheza bahati nasibu. Omba dawa iliyotengenezwa kwa maji mazito, yenye kipimo kilichoandikwa kwa mililita, na bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano.

Usiweke dawa kwenye chupa ya maji. Panya mgonjwa hunywa kidogo, ladha humfanya anywe kidogo zaidi, doksisaiklini huharibika majini, na hakuna anayejua amemeza kiasi gani. Ichanganye na chakula kidogo anachokipenda, kama parachichi au ndizi iliyopondwa, kiasi cha kumalizwa kwa kuuma mara mbili. Maziwa, mtindi na jibini vikae mbali na doksisaiklini kwa saa mbili kila upande, kwani kalsiamu huishika dawa tumboni isiingie mwilini. Akikataa kabisa, ingiza bomba pembeni mwa mdomo, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, sukuma tone moja, ngoja ameze, tone jingine. Ukisukuma yote kwa mkupuo inaingia mapafuni.

Dalili ya kwanza ya nafuu ni hamu ya kula na uzito kuacha kushuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya tano. Mluzi hufuata baadaye. Kama siku ya tano hakuna kilichobadilika, mpigie daktari. Dawa huongezwa au hubadilishwa. Kama amepona, usikatishe: matibabu huenda wiki 2 hadi 4, na kwa mapafu yaliyokwisha kuharibika zaidi ya hapo. Dawa humlaza Mycoplasma, haimfuti mwilini. Panya aliyeugua mara moja huenda akaugua tena, na mwenye panya anayejua hilo humwahi mapema. Daktari anaweza kuongeza meloksikamu ya kupunguza uvimbe wa mapafu, na hiyo mara nyingi humrudishia panya hamu ya kula upesi kuliko antibayotiki yenyewe. Dawa za kikohozi za binadamu hazina kazi hapa.

Mvuke husaidia kamasi nzito kulegea. Mashine ya mvuke wa dawa, ile ya watoto wenye pumu, yenye mililita 3 hadi 5 za maji ya chumvi ya dripu ya asilimia 0.9, huelekezwa kwenye boksi la plastiki lenye matundu, dakika 15 hadi 20, mara moja hadi tatu kwa siku. Huna mashine, mpeleke bafuni lenye mvuke wa maji moto kwa dakika 10, umshike wewe, maji yakiwa mbali naye. Usitie mafuta ya mkaratusi, mentholi wala dawa ya kuchua kifua. Na kama mvuke unamfanya avute kwa shida zaidi, acha. Mapafu yaliyojaa maji hayapendi unyevu.

Anahangaika lakini haisikiki sauti

Hii ndiyo hali inayopuuzwa na ndiyo inayoua. Mkwaruzo unahitaji hewa inayopita kwenye kamasi. Sehemu ya pafu ikiziba kabisa kwa usaha, hewa haipiti na sauti huisha, kwa hiyo panya aliyekuwa na mluzi juzi na leo yuko kimya, mbavu zikididimia, hajapona. Pafu la kushoto la panya lina ndewe, yaani kipande, moja tu, la kulia nne; likifa la kushoto anaendelea kuishi kwa la kulia na kwa nje huonekana "anachoka haraka".

Kwa panya mtu mzima, miezi 18 na kuendelea, fikiria moyo pia. Moyo unaposhindwa, maji hujaa mapafuni au kifuani. Nyayo huwa za baridi na zenye weupe, uzito unaweza kupanda kwa sababu ya maji, na tumbo kuvimba. Antibayotiki haimsaidii. Daktari akimpa dawa ya kukojoza maji na pumzi ikalainika ndani ya saa chache, jibu limepatikana. Uvimbe ndani ya kifua na jipu la pafu hutofautishwa na hayo kwa picha ya eksirei, na hapo ndipo pesa ya eksirei ina thamani kuliko chupa ya tatu ya dawa.

Panya wa kupewa mara nyingi hana tarehe ya kuzaliwa. Aliyedhoofika miguu ya nyuma, mwenye manyoya machache mgongoni na mifupa ya nyonga inayoonekana huenda ni mzee kuliko ulivyoambiwa, na orodha ya visababishi vyake ianze na moyo.

Amebanwa ghafla akiwa anakula

Panya hawezi kutapika. Donge likikwama kooni utamwona akirudisha kidevu kifuani, akijikunakuna mdomo, mate yakitiririka, mbavu zikivuta. Panya mgeni anayeogopa kunyang'anywa chakula hula kwa pupa, na vinavyomkwama ni vinavyonata: siagi ya karanga, mkate laini, kipande kikubwa cha ugali. Ondoa chakula na maji vyote. Kama hewa inapita, mwache mahali patulivu. Wengi hulitoa wenyewe kwa mate ndani ya dakika kadhaa, wengine huchukua saa kadhaa. Fungua mdomo tu kama kitu kinaonekana mbele. Akigeuka rangi, ni dharura. Siku inayofuata angalia mluzi au mkwaruzo, maana mate na chakula huenda viliingia mapafuni.

Joto la mchana linaweza kufanana na ugonjwa. Panya hatoi jasho na hawezi kuhema kama mbwa. Hutoa joto kwa mkia na kwa kujilamba mate mwilini. Ikizidi nyuzi 30, hasa penye unyevu kama Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili, utamkuta amelala kifudifudi, amelowa kidevuni, anapumua haraka. Mpoze kwa maji ya kawaida kwenye mkia na nyayo, feni ielekezwe ukutani, na umpeleke kwa daktari asiposimama ndani ya dakika kumi. Barafu hubana mishipa ya mkia na kumfungia joto ndani.

Kama una panya wengine

Mgeni akae wiki mbili kamili kwenye hewa tofauti. Chumba kingine cha nyumba ile ile hupunguza hatari, nyumba ya ndugu au jirani ni bora. Hudumia wenyeji kwanza, mgeni baadaye, kisha badili nguo na unawe mikono hadi kwenye viwiko. Akianza kuumwa, hesabu ya siku 14 huanza upya kutoka siku ya dalili ya mwisho. Ila waliokuja pamoja wasitenganishwe kwa sababu ya chafya: wameshagawana kila kitu, na panya aliyewekwa peke yake akiwa mgonjwa hula kidogo zaidi.

Kumpata daktari ni kazi ya kufanywa kabla panya hajaumwa. Wengi wa Afrika Mashariki wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, kwa hiyo piga simu uulize kama wanatibu panya na sungura. Hospitali za mafunzo za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Nenda na orodha ya uzito wa kila siku, video ya sekunde 15 akiwa amelala nyumbani, kipande cha matandiko anayolalia, na jina la kila dawa aliyokwisha kupewa. Video ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa panya mwenye hofu juu ya meza ya daktari huficha nusu ya dalili zake.

Na wewe mwenyewe ukipata homa kali, maumivu ya viungo au vipele ndani ya wiki chache baada ya kumleta, hasa kama alikuuma au kukukwaruza, mwambie daktari wako kwamba nyumbani kuna panya mpya. Homa ya kuumwa na panya hutibika vizuri kwa penisilini, lakini daktari asiyeambiwa kuhusu panya hana sababu ya kuifikiria.